Nadharia za tabia za kiafya: ipi inafanya kazi kweli? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanatoka sana kwa wanafunzi wa afya ya jamii, manesi, na watu wa miradi ambao wameambiwa "weka nadharia kwenye proposo" halafu wakaachwa hapohapo. Naegemea wapi niseme mapema: nadharia nyingi zinaeleza vizuri kwa nini mtu anataka kufanya kitu, ila ikifika kwenye kufanya chenyewe zinapwaya, na ukizipima kwa jicho hilo utaona nyingi zinapungua uzito.

Hizi nadharia zilianzia wapi?

Ile maarufu kuliko zote ilianza na tatizo la kazini tu. Marekani miaka ya 1950 huduma yao ya afya ya umma ilikuwa inapeleka magari yenye mashine za eksirei mpaka mitaani, watu wapimwe TB, bure kabisa, na bado watu hawaji. Wanasaikolojia waliokuwa wameajiriwa pale, kina Godfrey Hochbaum na Irwin Rosenstock, wakajiuliza hawa watu vipi. Hochbaum akahoji watu wazima zaidi ya 1,200 kwenye miji mitatu, Boston, Cleveland na Detroit, akakuta mambo mawili yanaenda pamoja na kupima: mtu kuamini kwamba hata yeye anaweza kupata TB, na kuamini kwamba ukiiwahi kabla hujaanza kuumwa inasaidia. Wenye imani zote mbili, asilimia 82 walikuwa wameshapiga eksirei kwa hiari yao angalau mara moja. Wasio na hata moja, asilimia 21.

Hapo ndo ikazaliwa Modeli ya Imani za Kiafya. Baadae wakaongeza uzito wa ugonjwa, vikwazo, na kichocheo (mfano jirani kaumwa, au umeona bango), na mwaka 1988 wakaongeza na kujiamini kwamba unaweza.

Ila angalia kitu kimoja ambacho kitatusumbua ukurasa mzima: imani ziliulizwa baada ya watu kuwa wameshapima au wameshagoma. Je imani ndo ilimpeleka kwenye eksirei au eksirei ndo ilimpa imani? Namba 82 na 21 zinavutia sana ila hazijibu hilo.

Jumla ziko ngapi?

Susan Michie na wenzake wa Uingereza walizikusanya wakapata 83, wakatoa orodha mwaka 2014. Nyingi zinasema kitu kilekile kwa majina tofauti. Ukijua tano sita umeshajua sehemu kubwa.

Sasa nadharia nzuri naijuaje? Si zote zina data?

Zote zina data ndo maana data peke yake haitoshi. Kuna maswali manne ya kuuliza, na la kwanza ndo zito kuliko yote.

La kwanza: kuna mtu aliwahi kukibadilisha kile kitu ambacho nadharia inasema ndo chanzo, halafu tabia nayo ikabadilika? Sio kwamba vinaenda pamoja kwenye dodoso, hapana, kukibadilisha kwa makusudi, kundi moja lipate na jingine lisipate, watu wakipangwa kwa bahati nasibu. Utashangaa tafiti ngapi zinazosifia nadharia fulani ni suvei ya siku moja tu, mtu kaulizwa imani yake na tabia yake kwenye karatasi moja, dakika ileile.

Ubaya wa suvei ya siku moja uone hivi. Mama analala kwenye neti kila siku, yeye na watoto. Ukimuuliza "hatari yako ya kupata malaria ikoje?" atakuambia ndogo, na ana haki, si analala kwenye neti! Jirani yake asiye na neti anasema hatari ni kubwa. Ukichora grafu yako unapata kwamba wanaoona hatari kubwa ndo hawatumii neti, nadharia imepinduka miguu juu, wakati ukweli ni kwamba tabia imebadilisha imani. Neil Weinstein aliandika kuhusu mtego huu mwaka 2007 na bado watu wanaangukia humo kila siku.

La pili: tabia ilipimwaje? Kama ni "je unanawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni" basi sahau, kila mtu ananawa, hasa kama anayeuliza kavaa fulana ya mradi. La tatu: inaweza kushindwa? Yaani kuna matokeo gani yakitokea wenye nadharia watakubali kwamba hapa tumekosea? La nne: inasema ufanye nini, au inataja tu vitu vya kupima?

Nia haitoshi? Mtu akidhamiria si anafanya?

Hii ndo ile Nadharia ya Tabia Iliyopangwa ya Icek Ajzen. Ilikua kutoka kwenye kazi aliyofanya na Martin Fishbein miaka ya 70, na toleo lake linalonukuliwa sana ni la 1991. Inasema nia inatokana na mambo matatu: mtazamo wako kuhusu tabia, unachodhani watu wako wa karibu wanakitaka, na kuona kama jambo liko ndani ya uwezo wako. Nia ikishakuwepo, tabia inafuata.

Mwaka 2001 Armitage na Conner walikusanya tafiti 185. Nadharia ilieleza asilimia 39 ya tofauti za nia kati ya watu, na asilimia 27 ya tofauti za tabia. Kwa saikolojia hizo si namba mbaya hata kidogo, tuwe wakweli. Ila mwaka 2006 Webb na Sheeran wakauliza swali gumu zaidi: tukiibadilisha nia, tabia inabadilika kiasi gani? Wakachukua majaribio 47 ambayo yalifanikiwa kweli kuipandisha nia ya watu, na kuipandisha vya kutosha. Tabia ilisogea, ndiyo, ila kwa karibu nusu tu ya ule msogeo wa nia.

Kwa hiyo ukipiga kampeni watu wakasema "tumeelimika, tutafanya", usiandike ripoti ya ushindi bado. Mwaka 2014 Falko Sniehotta na wenzake waliandika wazi kwamba nadharia hii imefika muda wa kustaafu. Ajzen akajibu mwaka uliofuata kwamba hawajaielewa. Kwa maoni yangu wote wana point, ila mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwenye nadharia.

Nimesikia kuna mtu alisema hizi nadharia hazikanushiki. Kweli?

Jane Ogden, 2003. Alipitia makala 47 akaona mtindo mmoja: nadharia ikifanya kazi, watafiti wanasema imethibitika; ikigoma, wanasema labda maswali hayakuwa mazuri, labda sampuli, labda tabia hii ni tofauti. Haijawahi kutokea nadharia ikalaumiwa. Na akaongeza kwamba dodoso lenyewe linaweza kumtengenezea mtu mawazo ambayo hakuwa nayo. Ajzen na Fishbein walimjibu, hawakukubali, ila hiyo ya dodoso ina ushahidi wake. Kule Quebec, Gaston Godin na wenzake waliwatumia wachangia damu dodoso la kuuliza tu kuhusu kuchangia damu, wengine hawakutumiwa. Waliotumiwa dodoso walichangia zaidi. Kuulizwa tu, jamani.

Sasa wewe unayepanga kuhoji kundi la kulinganisha kila baada ya miezi mitatu, fikiria hapo.

Kuwatisha watu kunasaidia? Yale mapicha ya mapafu meusi?

Kunasaidia kidogo, na peke yake mara nyingi kunawafanya watu wasikie vibaya halafu basi. Jaribio la zamani ambalo bado halijazeeka ni la Howard Leventhal pale Yale, 1965, kuhusu chanjo ya pepopunda. Wanafunzi wengine walipewa maelezo ya kutisha, wengine ya kutisha kidogo. Waliotishwa sana walisema wana nia kubwa zaidi. Ila waliokwenda kuchanjwa kweli ni wale waliopewa na mpango pia: ramani ya chuo yenye kituo cha afya, saa za kufunguliwa, na wakaombwa waangalie ratiba yao ya wiki watapitia lini. Karibu asilimia 28 walienda, dhidi ya asilimia 3 ya waliopewa maelezo bila mpango. Na hao ni wanafunzi ambao kituo wanakijua, hawakuwa wamepotea njia!

Kim Witte aliijengea nadharia mwaka 1992: hofu ikiwa kubwa na mtu akaona kuna kitu anaweza kufanya, anakabiliana na hatari. Hofu ikiwa kubwa na haoni cha kufanya, anakabiliana na hofu yenyewe, anakanusha, anatania, anabadilisha chaneli. Witte na wenzake waliitumia pia kupima kampeni za UKIMWI kwenye barabara kuu inayokatiza Kenya, kwa madereva wa malori, matingo wao na wanawake wa vituo vya barabarani. Watu wa umri wangu wanaokumbuka mabango ya mafuvu na "UKIMWI unaua" wanajua utani uliozaliwa na yale mabango.

Vipi zile "hatua za mabadiliko"? Hiyo kila mafunzo ya ushauri nasaha ipo.

Ipo kweli, na inapendwa kwa sababu inachoreka vizuri. Prochaska na DiClemente, 1983, waliianzia kwa wavuta sigara, na toleo linalofundishwa lina hatua tano: hujafikiria, unafikiria, unajiandaa, unafanya, unadumisha. Tatizo la kwanza, mipaka imekatwa tu. Ukipanga kuacha ndani ya siku 30 uko hatua ya kujiandaa, ukipanga siku ya 31 umerudi kwenye kufikiria. Nani kasema?

Tatizo la pili ndo limeiumiza zaidi. Robert West, ambaye mwaka 2005 aliandika kwamba modeli hii ipumzishwe, mwaka uliofuata alitoa matokeo na Taj Sohal kutoka Uingereza: karibu nusu ya majaribio ya kuacha sigara hayakupangwa kabisa, mtu kaamka kaamua, katupa pakiti. Na hao wa ghafla ndo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufikisha miezi sita kuliko waliopanga. Haya ni maelezo ya watu wenyewe wakikumbuka nyuma kwa hiyo usiyabebe kama msahafu, lakini kwa modeli inayosema lazima upite ngazi kwa ngazi ni pigo. Mwaka 2010 mapitio ya Cochrane (mtandao unaokusanya na kuchuja tafiti za afya) ya majaribio 41 yakaona programu zilizopangwa kwa hatua hazikuwa bora wala mbaya kuliko zisizotumia hatua.

Je uitupe? Kwenye ushauri nasaha inasaidia kumkumbusha mshauri asimvamie mtu ambaye hata hajaanza kuwaza. Kama nadharia ya sababu, hapana.

Kuna yoyote iliyojaribiwa kwetu kwa kiwango kikubwa?

Ipo, na ni moja ya mifano mizuri duniani. Mwanasaikolojia Albert Bandura alisema mtu anajifunza kwa kuangalia wenzake wanavyofanya na yanayowapata, na anafanya akiamini anaweza. Wazo hilo ndo lilibeba mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993. Waliousikiliza wanamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, mpaka UKIMWI ukampata. Mkwaju hakuwa mhadhara, alikuwa mtu unayemjua mtaani.

Kilichofanya utafiti wake uwe na uzito ni Dodoma. Kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine badala ya mchezo huo mpaka 1995, kwa hiyo kulikuwa na eneo la kulinganisha, na Everett Rogers, Peter Vaughan na wenzao wakafuatilia pande zote. Maeneo yaliyosikia, watu waliripoti kupunguza wapenzi na kutumia kondomu zaidi, na kwenye uzazi wa mpango hawakutegemea maneno ya watu tu, waliangalia na rekodi za kliniki za wateja wapya. Baadae Dodoma nao wakarushiwa.

Udhaifu upo. Dodoma ni eneo moja, na Dodoma si Moshi wala si Mbeya, kuna mambo chungu nzima yanayotofautiana mbali na redio. Ila ukilinganisha na suvei ya siku moja ya wanafunzi wa chuo, hii iko mbali sana.

Mbona hamzungumzii hela? Mtu hana hela ya neti mnamuuliza mtazamo wake!

Hapo ndo penye aibu ya fani nzima. Nadharia nyingi zinaweka umaskini kwenye kisanduku kimoja kinaitwa "vikwazo", tena vikwazo kama mtu anavyoviona, as if ukibadilisha anavyoona bei inashuka.

Jessica Cohen na Pascaline Dupas walifanya jaribio kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, matokeo yakatoka 2010. Neti ikiwa bure, karibu wote wanachukua. Ikiuzwa kwa senti 60 za dola, bei ambayo bado ilikuwa imepunguzwa sana, wanaochukua wanapungua kwa pointi 60 za asilimia. Sitini! Na ile kauli ya "cha bure hakithaminiwi"? Waliolipa hawakuzitumia zaidi kuliko waliopewa bure. Hakuna nadharia ya imani inayoweza kukuonyesha anguko kama hilo, maana imani za wale akina mama zilikuwa zilezile, kilichobadilika ni bei.

Malawi, Rebecca Thornton alikuta watu waliopima VVU, bila kupewa chochote ni asilimia 34 tu waliorudi kuchukua majibu. Wakipewa zawadi ndogo isiyofika dola 3 idadi inaruka karibu mara mbili, na waliokaa mbali na kituo walienda kidogo kuliko wa karibu. Na kule Busia, Kenya, walipoweka kidumu chenye klorini palepale kwenye chanzo cha maji, unazungusha koki dawa inaingia kwenye ndoo, zaidi ya nusu ya kaya wakawa wanatibu maji, wakati kwa wasio na kidumu walikuwa wachache sana ingawa dawa ipo dukani na elimu walishapewa.

Kwa hiyo elimu ya afya haina kazi?

Sijasema. Mtu asiyejua TB inapimwa hawezi kwenda kupima. Ila kwa tabia ambazo watu wanazijua tayari, kunawa mikono kwa mfano, kurudia elimu ya vijidudu ni kupoteza mafuta ya gari. Kampeni moja ya India kusini, matokeo yalitoka 2014, haikutaja ugonjwa kabisa, ilicheza na kinyaa na picha ya mama anayelea watoto wenye adabu. Baada ya miezi sita walioonekana wakinawa kwa sabuni walifika asilimia 37, vijiji vya kulinganisha asilimia 6. Walioonekana, narudia, watafiti walikaa pembeni wakaangalia. Na kampeni ya vyoo ya hapa Tanzania, Nyumba ni Choo, nayo iligusa hadhi ya nyumba zaidi ya minyoo.

Tabia inajengeka kwa siku 21?

Hapana. Phillippa Lally wa London alifuatilia watu 96, katikati ilikuwa siku 66, wengine 18 na wengine makadirio yalifika 254. Hiyo 21 watu wameitoa kwa daktari wa upasuaji wa sura, Maxwell Maltz, aliyekuwa anaongelea wagonjwa kuzoea pua mpya.

Basi COM-B ndo jibu? Siku hizi wafadhili wote wanaitaja.

Ni modeli inayosema tabia inahitaji vitu vitatu: uwezo, fursa, motisha. Ni ya Michie, van Stralen na West, 2011, baada ya kupitia mifumo 19 ya kubadilisha tabia. Nzuri yake ni kwamba "fursa" imepewa kiti chake, bei na umbali na mila vimetoka kwenye kile kisanduku cha vikwazo. Ubaya wake inakumbatia kila kitu, na kitu kinachokumbatia kila kitu hakitabiri chochote. Itumie kama orodha ya kukagua umesahau nini. Usiseme "tumeithibitisha COM-B", haithibitishiki.

Nina miezi michache na bajeti ya kuunga unga. Nichague ipi?

Anza na tabia, usianze na nadharia. Iandike kwa ukali: nani, anafanya nini, wapi, lini. "Kuboresha usafi" sio tabia. "Mama ananawa kwa sabuni kwenye kibuyu chirizi kabla ya kumlisha mtoto" hiyo ni tabia. Halafu kaa na watu kumi uwaulize mara ya mwisho waliyoshindwa kufanya, sio wanaonaje, mara ya mwisho ilikuwaje. Wakisema sabuni iliisha, tatizo lako ni la fursa, usilipake rangi ya imani. Wakisema walisahau au walikusudia wakajikuta hawajafanya, nenda kwa mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na mipango yake ya "ikifika saa fulani, mahali fulani, nitafanya hivi". Uingereza mwaka 2002 Milne, Orbell na Sheeran waliwapa wanafunzi maelezo ya faida za mazoezi, asilimia 35 wakafanya mazoezi, wasiopewa kitu asilimia 38. Waliopewa maelezo na wakaandika lini na wapi, asilimia 91. Hao walijiripoti wenyewe, kwa hiyo punguza. Kwenye chanjo ya mafua kazini kule Marekani, ambako waliangalia rekodi halisi, kuandika tarehe na saa kuliongeza waliochanjwa kwa kama pointi 4 tu za asilimia. Gharama yake karatasi.

Na kama wote wanasema "mume wangu hataki" au "mama mkwe ndo anaamua", basi anayehitaji kuhojiwa hayupo kwenye sampuli yako.

Nipime nini badala ya kuuliza tu?

Rekodi za kliniki, idadi ya vidonge vilivyobaki, klorini kwenye maji ya ndoo (kipimo chake ni rahisi tu, rangi inabadilika), sabuni imepungua kiasi gani tangu wiki jana, neti imetundikwa au bado iko kwenye mfuko wake wa plastiki. Nenda bila kutoa taarifa ya siku ila ruhusa uwe umeshaiomba mapema na wanajua utapita. Kama huna budi kuuliza, uliza ya jana, usiulize "huwa".